Dakika Hamsini Kutoka Uwanja Mkubwa

Zahanati, 4 Machi

Kasuku mdogo wangu,

Usidhani nimekusahau. Wiki tatu hizi mikono yangu imekuwa ya watu. Nimezalisha watoto kumi na mmoja, na wawili kati yao walitanguliza miguu, kana kwamba wanataka kupima kwanza kama maji ni ya moto.

Habari kubwa ya huku ni kwamba sasa na sisi ni watu wa uwanja wa ndege. Uwanja wenyewe ni changarawe tupu, na mbuzi wa mwenye duka wanaamini umejengwa kwa ajili yao. Jumatatu alikuja fundi rangi kuchora ubao. Ameandika umbali hadi kwenu, kilomita 236, na chini yake muda wa kuruka, dakika 50. Watu walikusanyika kuusoma. Bibi mmoja akaniuliza, "Hizo dakika hamsini ni za kwenda tu, au na kurudi?" Nikamwambia ni za kwenda. Akasema, "Basi bado ni mbali," akashika njia yake.

Mimi nilibaki pale baada ya wengine kuondoka. Miaka sita nimeijua safari hiyo kwa siku mbili za lori juu ya magunia. Unamkumbuka yule mama wa mapacha niliyekusimulia? Tulimpakia alfajiri yu hai, kesho yake tukamshusha njiani amefunikwa. Kwa hiyo wengine wakiucheka ule ubao, mimi nauona kama dawa mpya iliyoletwa kabatini.

Na upande wa pili uko wewe! Nilipofundishwa kutumia simu ya upepo, sauti ya kwanza kunijibu ilikuwa yako, umejikaza kama mtangazaji: "Uwanja mkubwa, nakupata, endelea." Nusura nicheke. Mtoto niliyekuwa namfunga kamba za viatu! Tangu utotoni ulikuwa ukirudia kila unachosikia, ndiyo maana tukakuita Kasuku, na sasa unalipwa kwa kazi hiyo hiyo. Lakini vituo vyote vinasikia, nikajizuia. Mambo ya nyumbani tuyaache kwenye barua, rubani atatubebea kwenye mfuko wake kila Alhamisi. Simu ya upepo iwe ya wagonjwa.

Mama anauliza kwa barua utaoa lini. Nikamjibu aanze kuniuliza mimi niliye mkubwa. Barua iliyofuata haikucheka.

Dada yako


Mnara, 12 Machi

Dada,

Barua yako imefika na vumbi lake. Nimeisoma juu hapa mnarani. Nasema mnara ili unione mtu, lakini ni chumba kilichoko juu ya ngazi kumi na nne za chuma, chenye meza, feni inayozunguka ikijisikia, na dirisha la kutazama uwanja. Usiuone ukubwa wa jina. Uwanja wetu unaitwa mkubwa kwa sababu una paa.

Lakini kazi naipenda, dada. Kila wito nauandika kwenye daftari kwa wino: saa, dakika, nani ameita, nimemjibu nini. Hakuna kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja na kutia sahihi pembeni. Ndege ya wagonjwa inakaa hapa mbele yangu siku nzima, matangi yamejaa, haitakiwi kwenda popote isipokuwa kwa mgonjwa, na Alhamisi kupeleka dawa. Ukiniita, hata kama vituo kumi vinaita, wewe nitakujibu wa kwanza.

Sasa nikupe siri. Kuna nafasi moja ya kwenda kusomea uongozaji ndege, mwaka mzima, na mkuu wa uwanja ndiye anayependekeza jina. Amenigusia mara mbili. Basi siku hizi nacheka vichekesho vyake vyote, hata vile ambavyo yeye mwenyewe huvisahau katikati. Niombee.

Mwambie mama nitaoa nikishapata cheti. Na wewe usimtie maneno.

Kasuku wako


Zahanati, 11 Aprili

Kasuku,

Mke wa fundi cherehani amefariki juzi mikononi mwangu, saa sita na dakika ishirini mchana. Ni yule fundi mwenye kibanda mkabala na zahanati, anayenishonea sare. Mtoto ni wa kike, yu hai.

Nakuandikia ilivyokuwa, kwa sababu nimewasimulia watu wengi na kila mara nafika mahali sielewi, na mahali hapo ni kwako.

Alijifungua salama saa mbili asubuhi. Kondo la nyuma halikutoka. Nilimchoma sindano, nikangoja, nikamchoma ya pili, mwisho nikaingiza mkono. Likatoka vipande. Damu ikaanza, tena si ile ya kumwagika kwa kishindo. Ni ile ya kuchuruzika, inayokudanganya kwamba utaiweza. Saa tatu na dakika kumi nikakuita. Saa najua kwa kuwa ile ya ukutani iko juu ya simu ya upepo, na nilikuwa naitazama nikingoja ujibu. Ulijibu mara moja. Nikasema, "Mama mzazi anatokwa damu, anahitaji upasuaji na kuongezewa damu, naomba ndege." Pakawa kimya kidogo, kama mtu ameziba kipaza sauti kwa kiganja. Kisha ukasema, "Imepokelewa. Dakika hamsini."

Nilimshika uso nikamwambia, "Dakika hamsini, mama, vumilia." Akaniuliza kama ndani ya ndege kuna baridi. Mumewe akakimbia nyumbani kuleta koti.

Saa nne na nusu nikakuita tena. Ukasema, "Iko njiani." Saa tano na robo nikaita tena. Ukasema, "Iko njiani, dada, vumilia." Uliniita dada hewani, Kasuku, vituo vyote vikisikia. Hujawahi kufanya hivyo.

Mara ya mwisho aliponiuliza zimebaki dakika ngapi, nilimwambia kumi. Nilitunga tu.

Ndege ilitua saa saba na dakika tano. Rubani alishuka mbio na machela. Aliponiona nimesimama mlangoni, mikono inaning'inia, aliiweka chini, akavua kofia.

Sikulaumu. Niambie tu ndege ilikuwa wapi. Nikishajua nitapata usingizi.

Dada yako


Mnara, 18 Aprili

Dada,

Pole sana. Niliisoma barua yako wakati wa chakula cha mchana na sahani ikabaki vilevile.

Siku ile kulikuwa na mawingu mazito upande wa milimani. Ukiwa chini huyaoni, lakini rubani anayaona. Ndiyo maana kuruka kulichelewa. Nilikuambia iko njiani kwa sababu kila dakika tulitegemea itaondoka, sikutaka ukate tamaa.

Halafu, dada, usinikasirikie. Mtu akiwa katika kazi ya damu, saa humpotea. Huenda uliita baadaye kidogo kuliko unavyokumbuka. Mkuu anasema hutokea hata kwa madaktari. Nakushauri usiandike maelezo yoyote kwa wakubwa wako sasa hivi. Yaache yatulie. Mkuu atayasimamia.

Na barua zako kuanzia leo mpe dereva wa lori la kokoto, si rubani. Mfuko wake siku hizi unapekuliwa.

Jipumzishe.

Mdogo wako


Zahanati, 16 Mei

Kasuku,

Barua hii inakuja kwa lori, kama ulivyotaka. Sikuelewa sababu. Sasa naanza kuielewa.

Kamati ya uchunguzi imefika jana, watu watatu, wakakaa kwenye benchi la akina mama wajawazito kwa kuwa viti vingine hatuna. Wakasoma nakala ya daftari la mnara. Wito umepokelewa saa sita na dakika tano. Ndege imeruka saa sita na robo. Imetua saa saba na dakika tano. Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani. "Dakika hamsini kamili, muuguzi. Uwanja umefanya kazi yake. Wewe, kuanzia saa mbili hadi saa sita, ulikuwa unangoja nini?"

Nikaomba kuiona karatasi. Mwandiko ni wako. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, kwenye meza ya jikoni, wewe umepiga magoti juu ya kiti. Ile nne yako kwenye tarehe, inayofunguka juu kama kikombe, nilishindwa kuirekebisha tangu wakati ule. Ukurasa hauna mstari wa kufuta wala sahihi pembeni. Ni safi mno, Kasuku, safi kama daftari la mtoto siku ya kwanza ya shule.

Mbele yao nilisema, "Niliita saa tatu na dakika kumi." Mwenyekiti akauliza nina shahidi gani, kwani vituo vingine vimesema havikuandika saa, na fundi hana saa. Nikataka kusema mdogo wangu. Nikawarudishia karatasi.

Uliniandikia mawingu. Daftari linasema ndege iliruka dakika kumi baada ya wito. Basi hayo mawingu yalikaa wapi? Asubuhi ile mhudumu wetu alianika shuka tisa, na mchana tulizianua zimekauka kama karatasi. Uongo wako wa kwanza haukuulizana na wa pili.

Nimesimamishwa kazi. Wataleta muuguzi mwingine. Leo asubuhi fundi cherehani amenirudishia kitambaa cha sare zangu. Mkono mmoja umeshonwa, wa pili bado una pini. Alikiacha kwenye ngazi, hakubisha hodi.

Kuna jambo sikukuandikia mara ya kwanza, na kamati sikuiambia kwa aibu. Saa tatu na nusu asubuhi ile, lori la kokoto lilisimama mbele ya zahanati. Dereva akashuka akauliza, "Nimchukue? Kwa saa mbili na nusu nitakuwa nimemfikisha hospitali mpya ya njia panda. Nitaendesha taratibu." Nikamjibu, "Nenda tu, baba, ndege inakuja. Ni dakika hamsini." Akaenda. Fundi alikuwa nyumbani kutafuta koti, hakusikia.

Hebu hesabu mwenyewe. Saa sita kamili angekuwa kwenye mlango wa hospitali. Labda angefia njiani. Labda. Lakini ile labda ilikuwa ya kwake, nami niliirudisha barabarani kwa ajili ya neno lako.

Niambie kuna mtu alikulazimisha. Kama si kweli, usiniambie.

Dada


Mnara, 24 Mei

Dada,

Nisikilize kwanza ndipo ukasirike.

Wewe una cheti. Mkunga hakosi kazi, wanawake hawataacha kuzaa. Mimi nina chumba hiki tu. Jina langu limeshapelekwa kwa ajili ya yale masomo. Mkuu ameniahidi kwa mdomo wake kwamba hawatakufukuza, watakuhamisha, tena kituo kizuri karibu na mama. Hiyo hata si adhabu. Ukiandika mstari mmoja tu, kwamba kwa uchovu hukuwa na uhakika wa saa, yamekwisha. Hakuna atakayeumia zaidi ya hapo. Marehemu hatarudi kwa sisi kugombana.

Ulinilea. Uliacha shule mwaka mzima ili mimi niende. Unadhani nimesahau? Kwa sababu hiyo ndiyo nakuomba wewe. Nani mwingine atanibebea?

Usimwambie mama. Na barua hii ichome moto ukishaisoma.

Mdogo wako


Chumba cha marubani, uwanja mkubwa, 6 Juni

Kwa Mkunga,

Kwa umri wewe ndiye wa kuniamkia, lakini leo mimi ndiye ninayeona haya mbele yako.

Alhamisi iliyopita, baada ya likizo ya mwezi mzima, nilitua kwenu na maboksi ya dawa, akaja kuyapokea muuguzi nisiyemjua. Nikauliza uko wapi. Mlinzi wa uwanja akaniambia umesimamishwa kwa sababu ulichelewa kuita ndege. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Hukuchelewa. Asubuhi ile ndege haikuwepo. Saa mbili na nusu niliruka na wageni wanne wa mkuu wa uwanja, kuwapeleka kando ya ziwa kuona kiwanja wanakotaka kujenga hoteli. Mkuu aliwaambia saa nne tutakuwa tumerudi. Wageni wakatembea, wakapiga picha, wakakaa chini wakala. Kule hakuna simu ya upepo, na injini ikishazimwa mimi ni kiziwi kama jiwe. Nilitua uwanja mkubwa saa sita kasoro dakika tano. Kabla sijafungua mlango ndugu yako alikuwa ameshashuka zile ngazi, analia. Akasema, "Kuna mama tangu saa tatu." Tukajaza mafuta, nikaruka saa sita na robo. Mawingu hayakuwepo, nilikuwa nakiona kivuli cha ndege yangu njia nzima.

Kuna jambo moja nalisema kwa shida. Yeye ndiye aliyenipa ruhusa ya kuruka asubuhi. Alipokujibu, alijua mbele yake hakuna ndege. Sikuambii ili umchukie. Nakuambia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Daftari la mnara ni la mnara. Lakini kila rubani ana kitabu chake cha safari, anaandika mwenyewe alikoruka, alikotua na saa. Changu kina safari zote mbili za siku ile. Kamati inakaa tena tarehe kumi na saba, nitakipeleka kwa mkono wangu. Huenda wakachukua leseni yangu, maana nilijua ile safari ya wageni si halali na bado niliwasha injini. Nimebakiza miezi mitano nistaafu. Mke wangu ameniuliza kama siwezi kungoja miezi mitano. Ndipo nikatafuta kalamu.

Rubani


Nyumba ya kupanga, nyuma ya uwanja mkubwa, 21 Juni

Dada yangu mpendwa,

Nimesema ukweli. Nilisimama mbele ya kamati nikasema yote kwa hiari yangu, sikuweza kuubeba tena. Nataka uusikie kwangu kabla ya mtu mwingine.

Ulipoita, mkuu alikuwa nyuma ya kiti changu. Ndiye aliyeziba kipaza sauti. Akasema, "Mwambie inakuja, saa nne watakuwa wamerudi, asizue taharuki hewani vituo vyote vikasikia kwamba ndege haipo." Nikasema dakika hamsini kwa sababu ndiyo jibu la siku zote, lilitoka lenyewe. Nilidhani kweli saa nne watarudi. Saa nne ikapita. Sasa ningekuambia nini? Nilishasema.

Jioni tukauandika upya ukurasa. Yeye alisoma, mimi nikaandika.

Nimefukuzwa, dada. Masomo amepewa mwingine. Mkuu amehamishiwa ofisi nyingine, yeye hajafukuzwa, dunia ndiyo hii. Rubani wamempa onyo, wamemwacha amalizie miezi yake. Lakini wewe utarudishwa kazini, kwa hiyo mwishowe nimekuokoa, na hilo linanipa nguvu kidogo.

Nakuja huko Alhamisi ya mwisho ya mwezi ujao na ndege ya dawa, rubani amekubali kunipa kiti. Tukae barazani tuzungumze kama zamani. Ukinitazama usoni utanielewa, wewe hunielewa siku zote.

Mama bado hajui. Tafadhali.

Kasuku


Zahanati, 14 Julai

Mdogo wangu,

Nimerudishwa kazini, sasa ni wiki ya tatu. Muuguzi mgeni alinikabidhi funguo akaniomba radhi kwa kulala kitandani mwangu, msichana wa watu.

Barua ya kamati ninayo hapa mezani, na ina tarehe. Rubani alitoa kitabu chake tarehe kumi na saba. Wewe ulihojiwa tarehe kumi na tisa. Uliitwa, hukujipeleka. Wameandika pia kwamba swali la kwanza ulilijibu kwa kusema saa sita na dakika tano, ndipo wakakufunulia kitabu cha rubani. Basi hata hiki ulichoniandikia mwisho, cha hiari yako, nacho ni cha kuongezea. Ulikuwa na nafasi ya kuniambia kweli ukiwa umeshapoteza kila kitu, bila la kuogopa tena, na bado ukapunja kipimo.

Kuokolewa nimeokolewa na mzee ambaye si ndugu yangu.

Nimezisoma tena barua zako zote. Ile ya kuchoma sikuichoma. Tangu nikuandikie habari za lori umeniandikia mara mbili, na humo hamna lori. Nilikuomba uhesabu. Nadhani ulihesabu, ndiyo maana hukulitaja. Na ulipopata jibu ukachukua kalamu ukaniomba nikubebee.

Mkuu kuziba kipaza sauti, naelewa, mtu mzima amesimama nyuma yako na masomo yako yako mkononi mwake. Uongo wa saa tatu ningejitahidi kuusamehe. Lakini alipoondoa kiganja ulikuwa wewe na mimi, Kasuku. Ungekohoa tu ningejua. Ungesema "subiri" badala ya "dakika hamsini" ningejua. Lori lilikuwa bado halijafika hata mlangoni. Halafu saa nne na nusu, halafu saa tano na robo, na pale ukaniita dada. Ulinipa udada ili nisiulize zaidi. Hapo ndipo panaponiuma kila nikigusa.

Nimekwenda kwa fundi cherehani. Nilikuwa nimeshasafishwa, hakuna aliyenituma. Nilimkuta kwenye cherehani yake, nikasimama nikamweleza habari za lori. Akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Kwa hiyo gari lilikuwepo."

"Lilikuwepo."

"Ukalirudisha."

"Nikalirudisha."

"Nani alikuambia dakika hamsini?"

"Mdogo wangu."

Akauzungusha mkono wa cherehani taratibu hadi uzi ukakatika. Akasema, "Mimi sina neno la kukupa, mama. Nenda." Nikaenda.

Kila Jumanne anamleta mtoto kupimwa. Amefika kilo tano na robo kwa maziwa ya kopo, ana sauti ya kuamsha kata nzima. Baba yake anamweka kwenye mizani mwenyewe na kumtoa mwenyewe, hanikabidhi. Mimi nasoma uzito, naandika kwenye kadi, anaondoka. Nakuandikia haya kwa sababu unastahili kujua, usidhani tumepatana.

Mnarani kwenu sasa kuna binti anajibu. Wiki iliyopita niliita kwa ajili ya mzee wa kifua, akaniambia, "Ndege iko, lakini tairi linabadilishwa, sitaki kukudanganya, inaweza kuwa saa mbili." Nilisimama na simu mkononi mpaka akauliza kama bado nipo. Mzee tulimpakia kwenye gari la mwenye duka. Amepona.

Usije hiyo Alhamisi. Nitakuwa kazini, na nyumba nitaifunga. Ungeniambia nikutazame usoni nikuelewe, na kweli ningekuelewa, maana ndiyo kazi niliyoizoea tangu ukiwa na miaka minne. Sitaki. Acha kwanza nikuone kama wanavyokuona watu wengine.

Mama ameniletea barua, ameandikiwa na jirani yake. Anauliza kwa nini zako zimekatika. Nimemjibu kwamba umeacha kazi mwenyewe, unatafuta nyingine. Ni uongo, na nimeusema kwa ajili ya moyo wake, si kwa ajili yako. Amejibu kwamba chumba chako kimefagiliwa, uje ule ushibe.

Basi nenda. Siku mbili za lori hadi kwa mama zitakutosha kupanga maneno. Mwisho wa mwezi ujao nina likizo, nami nitakwenda nyumbani. Nataka nimkute mama ameshaambiwa, kwa mdomo wako, na jina la mke wa fundi na habari za koti lake. Fundi alikwenda kulitafuta, na ndege ilipofika hakuna aliyelihitaji. Jina lake nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, kwa kuwa katika barua zako zote hukuniuliza.

Nikimkuta hajui, nitamkalisha jikoni nimweleze mimi, nianze na saa tatu na dakika kumi.

Dada yako